Diski Niliyoichagua Mwenyewe

Kilosa,
12 Februari 2024

Mpendwa mjomba Mathayo,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima. Miguu ya mama imepungua kuvimba, na anawasalimu sana wewe na mkaza mjomba Neema. Masikio yanaendeleaje? Mama amenikataza kukuuliza, lakini nauliza. Najua simu kwako haina kazi tena na herufi ndogo za meseji huzipendi, kwa hiyo barua hii nampa Tomasi, dereva wa Kosta, akufikishie mkononi pale dukani kwako.

Nimetimiza miezi miwili kazini. Ofisi yetu ni ndogo: Bi Yudith ambaye ndiye mratibu, bwana mmoja wa vipimo, na mimi karani. Tunasuluhisha migogoro ya ardhi, hasa ya wakulima na wafugaji, na mimi ndiye ninayeandika na kurekodi kila kinachosemwa. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja na nusu yake ni majaribio, kwa hiyo naogopa hata kukohoa.

Sasa kompyuta mpakato ya ofisi imekufa diski. Nilipomwambia Bi Yudith kwamba nina mjomba fundi Mikumi, akasema, "Mwandikie. Na uchague mwenyewe, wewe ndiye utakayeitumia." Tangu hapo sina raha. Mmoja ananiambia chukua SSD, mwingine ananiambia diski ngumu ya kawaida, hiyo hadi diski, ndiyo imara. Fedha tuliyopewa inatosha SSD ndogo au hadi diski kubwa. Tafadhali nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu.

Mpwa wako,
Raheli


Mikumi,
16 Februari 2024

Mpwa wangu Raheli,

Marahaba. Masikio yamekwisha, tusiyalilie. La kulia limekufa kabisa. La kushoto linasikia honi ya lori tu, na kwa mtu anayeishi Mikumi hiyo inatosha. Mkaza mjomba wako yuko salama, ananiandikia kila kitu kwenye kibao kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Hadi diski ni sahani zinazozunguka kwa kasi, na juu yake kuna kidole chembamba kinachosoma bila kugusa. Ikitulia mezani inaishi miaka. Ikitikiswa huku inazunguka, kile kidole kinakwaruza sahani, na palipokwaruzwa hapasomeki tena. SSD haina kinachozunguka, ni chipu tupu. Ina kasi, na unaweza kupanda nayo pikipiki mpaka Msowero isijue kama imesafiri. Ubaya wake ni mmoja na nusu. Kwa fedha yenu mtapata nafasi robo ya ile nyingine. Halafu siku ikiamua kufa, mara nyingi haitoi dalili.

Nakuuliza swali moja tu: kompyuta itakaa mezani au itatembea? Kama itatembea, chukua SSD. Video zikijaa, mnahamishia kwingine.

Mjomba wako,
Mathayo


Kilosa,
20 Februari 2024

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Natumaini mvua ya juzi haikuingia dukani. Huku maji yalifika barazani yakarudi.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nisikudanganye, kompyuta itatembea. Lakini mjomba, mimi naogopa kufuta. Kikao kimoja ni video ya saa mbili au tatu, na SSD ndogo ikijaa itabidi mimi niamue nini kiondoke. Je, nikifuta kitu leo, na kesho kikahitajika kwenye baraza la ardhi? Diski kubwa haitanilazimisha kuchagua. Kila kitu kitabaki.

Kwa hiyo naomba uniwekee hadi diski. Nitaizima kila mara kabla ya kuitia kwenye begi, naahidi. Usinichoke.

Mpwa wako,
Raheli


Mikumi,
27 Februari 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Diski nimeiweka, na nimeitesa siku tatu kuipima. Ni mpya na haina kasoro. Sikubaliani nawe, lakini karani ni wewe.

Shika mambo mawili. Kufunga kifuniko si kuzima. Na kitu chenye maana kikae sehemu mbili, kamwe kisikae sehemu moja.

Neema anasema kwenye picha aliyoonyeshwa na mama yako umekonda. Kula.

Mjomba wako,
Mathayo


Kilosa,
3 Juni 2024

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Pole na kazi. Samahani kwa kimya cha miezi mitatu. Mama hajambo, ni mimi tu niliyekuwa sina la kuandika, na leo nina moja baya.

Diski imegoma. Kompyuta yote nimempa Tomasi, nimeifunga ndani ya kanga mbili. Ilianza kuwa nzito, kisha ikawa inagonga kwa ndani, tiki, tiki, na Jumatatu iliyopita haikuwaka kabisa. Sijui imepatwa na nini. Ni ghafla tu.

Nikueleze kilichomo, ili ujue kwa nini nakusumbua. Tarehe kumi na sita Mei tulikwenda kijiji kimoja upande wa Tindiga. Kuna njia ya ng'ombe inayopita kati ya mashamba kwenda kwenye maji, na mashamba hayo ni ya Mzee Kondo. Yeye na mfugaji mmoja, Mzee Ntutu, walipatana kwa mdomo zamani kwamba njia ibaki. Walikubali tuwarekodi wakiitembea. Kwao desturi ni kwamba anayetoa njia hutangulia, anayepewa hufuata nyuma, na kwenye kila alama mtoaji husema kwanza, kisha mwenzake huyarudia maneno yaleyale. Alama zilikuwa saba. Walisema zote. Nilikuwa nyuma yao na kamera kwa saa mbili na dakika kumi.

Siku nane baadaye Mzee Kondo alifariki. Alikuwa mzima, aliamka tu na kifua. Sasa mwanawe mkubwa, Ashrafu, ameanza kulima juu ya njia, na anasema baba yake hakuwahi kuahidi kitu. Kikao cha baraza ni tarehe sita Agosti. Ng'ombe wa Mzee Ntutu wakikosa njia ile, kiangazi hiki hawana maji.

Rekodi iko humo tu. Kadi ya kamera ni moja, ilihitajika kesho yake, nikaifuta. Najua uliniambia nini. Tafadhali, mjomba.

Mpwa wako,
Raheli


Mikumi,
10 Juni 2024

Mpwa wangu Raheli,

Marahaba. Kompyuta imefika salama, na kanga Neema amezipenda, sijui kama utaziona tena.

Mimi siwezi kusikia diski ikigonga, kwa hiyo huiweka juu ya ncha za vidole na kufumba macho. Hii yako inazunguka, inapiga hodi mara sita, inasimama. Kidole kimegusa sahani. Nitajaribu kuvuta kilichosalia, na ninayo diski nyingine ya aina hiyohiyo ya kuazima viungo. Nipe wiki tatu. Usitegemee.

Swali langu ni hili. Siku ile mlipotoka Tindiga, kompyuta ilikuwa imezimwa?

Mjomba wako,
Mathayo


Kilosa,
13 Juni 2024

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Nashukuru sana kwa juhudi zako. Mwambie mkaza mjomba kanga ni zake.

Kuhusu swali lako, ilikuwa imezimwa. Nakumbuka vizuri kwa sababu niliizima mwenyewe, nikaitia kwenye begi, begi nikalivaa kifuani, tukapanda bodaboda. Njia ilikuwa mbaya na wingu lilikuwa limetanda, ndiyo maana nakumbuka. Tulifika kabla ya mvua. Ilikuwa imezimwa.

Mama anauliza kama Neema bado anahitaji zile mbegu za bamia.

Mpwa wako,
Raheli


Mikumi,
5 Julai 2024

Kwa Karani Raheli,

Natumaini u mzima.

Nimeshindwa. Sahani ya juu ina mduara uliokwaruzwa, na video yenu ilikuwa hapo. Nimepata barua za ofisi na picha za mkutano wa Machi. Nimeziweka kwenye flashi, iko ndani ya bahasha hii.

Diski hizi hujihesabia zenyewe. Huandika saa zilizokaa zimewaka, na mara zilizotikiswa huku zikizunguka. Iliyozimwa haihesabu mtikisiko. Nilipoikabidhi diski yenu, hesabu hiyo ilikuwa sifuri. Sasa ni mia tatu na kumi na mbili. Nimekuchapia karatasi yake.

Pamoja na hayo, nimepokea barua kutoka ofisini kwenu. Inasema kwamba fundi aliwauzia diski mbovu tangu mwanzo, kwamba kwa sababu hiyo rekodi ya Tindiga haikuwahi kuhifadhiwa, na kwamba hawatafanya kazi nami tena. Chini imeandikwa kwamba ni kwa mujibu wa taarifa ya karani. Habari hizo zimetembea. Juzi mkuu wa shule moja hapa alikuja na gari akachukua kompyuta zake sita. Mimi hakuniandikia chochote. Alizungumza na Neema, na sikuweza kusikia alichosema, ila nilikuwa nauangalia uso wa Neema.

Fundi Mathayo


Kilosa,
9 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama una haja ya salamu yangu.

Ilikuwa imewaka.

Nilikuwa nahamisha video kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski. Ilikuwa inakwenda polepole, imefika nusu, na dereva wa bodaboda akawa ananipigia honi. "Dada karani, mvua hiyo, mimi tope la Tindiga silitaki. Unakuja au unalala na ng'ombe?" Niliogopa kuikatisha, nikidhani video ingeharibika. Kwa hiyo nilibadilisha mpangilio ili hata nikifunga kifuniko iendelee kufanya kazi. Nikaitia kwenye begi inazunguka. Nikaikumbatia njia nzima nikijiambia kwamba kifua changu ni laini. Kila shimo nililihesabu, ila sikujua kwamba na yenyewe inahesabu.

Nilipofika ofisini ilikuwa imemaliza. Jioni ile nilikaa nikaitazama yote, mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa safi. Ndipo nikafuta kadi, kwa amani kabisa. Siku chache baadaye ikaanza kugonga.

Bi Yudith aliniita kuuliza. Nikasikia mdomo wangu ukisema diski ilikuwa mbovu tangu ilipotoka dukani, kwamba siku ile haikuandika kitu. Alikuwa anaandika ninayosema. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema ndiyo. Wewe ulikuwa mbali, kilomita nyingi, na yeye alikuwa mbele yangu. Sina sababu nyingine. Sikuwaza kwamba angeandika barua. Halafu hata alipoiandika, nakala yake niliifaili mimi.

Tafadhali nisamehe. Mwambie na mkaza mjomba.

Mpwa wako,
Raheli


Mikumi,
22 Julai 2024

Raheli,

Barua yako nimeisoma, na Neema ameisoma.

Kubeba diski inazunguka ni kosa la siku moja. Nimeona watu wenye shahada wakilifanya na kuja hapa wakilia. Nilipoishika tu nilijua, kabla hata sijaona hiyo karatasi. Ningekutengenezea nyingine na tungecheka.

Sasa umeniandikia mimi jambo ambalo nilikuwa nalijua. Wasiolijua ni wengine. Ulisema rekodi haikuwahi kuwapo. Maana yake yule mzee mfugaji, anayemwambia kila mtu kwamba alirekodiwa, ni mwongo. Umelifikiria hilo? Mimi nimepoteza kompyuta sita. Yeye anapoteza njia ya maji na jina lake, na hajui hata nani amemfanyia.

Umesema uliitazama yote. Basi kuna mtu mmoja duniani aliyeiona mara mbili, ile siku yenyewe na jioni yake. Baraza ni tarehe sita.

Msamaha sitauzungumzia kwenye barua.

Mathayo


Kilosa,
10 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama anawasalimu. Nimemweleza yote. Hajanipiga, amekwenda kupalilia.

Barua yako nilikaa nayo siku tisa. Ilipofika siku ya kumi nilimpelekea Bi Yudith maelezo niliyoyaandika kwa mkono, kurasa tatu, pamoja na karatasi yako ya mitikisiko. Alisoma nikiwa nimesimama. Akasema, "Kaa." Nikakaa. Akasema, "Ungeniambia Juni ningekukaripia, ukarudi mezani kwako. Unajua hilo?" Nikasema sasa najua. Akachukua funguo za kabati nilizokuwa nazo, na kazi yangu ikaishia hapo.

Lakini tarehe sita alinipeleka Tindiga. Alisema taarifa ya uongo niliitoa mimi, basi niifute mwenyewe mbele ya walioumia.

Watu walikuwa wengi. Wafugaji walikaa upande mmoja, na jamaa wa Mzee Kondo upande wa pili. Baraza lilinipa nafasi. Nilisema jina langu, nikasema kwamba rekodi ilikuwapo, iliandikwa vizuri, niliitazama yote, na niliiharibu mimi kwa kuibeba ikiwa imewaka. Kisha nikamsingizia fundi, na fundi huyo ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Sikuweza kuinua macho.

Ashrafu alisimama. Ni mtu mpole kwa sura. Akasema, "Dada, Juni ulisema haikuwapo. Leo unasema ilikuwapo. Kwa nini tukuamini leo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi ila si hilo. Nikamjibu, "Kwa sababu kauli ya Juni ilinisaidia. Hii ya leo imenifukuzisha kazi."

Mwenyekiti akaniambia niseme nilichokiona. Nikataja alama zote saba kwa mpangilio, na maneno ya Mzee Kondo kwenye kila moja. Kwenye ya tano, penye kichuguu, nilisita, maana pale hawakusema la mpaka tu, walitaniana. Mwenyekiti akasema, "Sema yote, binti."

Nikasema kwamba Mzee Kondo alisimama akageuka nyuma akamwambia Mzee Ntutu, "Ng'ombe wako wana adabu kuliko wanangu. Wakipita hapa wanaangalia mbele." Mzee Ntutu akamjibu, "Basi tubadilishane." Na Mzee Kondo akasema, "Hapana. Wanangu hawakamuliki, utanirudishia."

Watu wa pande zote mbili walicheka. Ashrafu alitazama chini, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, sikujua kama ni kicheko. Mama yake, ambaye bado yuko edani na alikuwa amesogezewa mkeka nyuma ya pazia la kanga kwenye nyumba ya jirani, alisema kwa sauti tuliyoisikia sote, "Hayo ni maneno ya Kondo. Huyo mtoto wa Kilosa hawezi kuyatunga."

Baraza limeamua njia ibaki wazi, na mwezi ujao itatembewa upya. Ashrafu atatangulia badala ya baba yake. Hakukubali kwa mdomo, lakini alikwenda kulitoa jembe la ng'ombe aliloliacha njiani.

Mzee Ntutu nilimwamkia mwishoni. Aliitikia marahaba. Kisha akasema, "Wanangu waliniuliza mimi ni mzee wa aina gani, ninaota nikiwa macho. Miezi miwili." Akaondoka na mwanawe Parit. Sikumfuata.

Bi Yudith ameandika barua mbili za kukusafisha. Moja ni yako, imo ndani ya bahasha hii. Nyingine nimempelekea yule mkuu wa shule kwa mkono wangu juzi, nilipita Mikumi asubuhi na Kosta ya kwanza. Niliuona mlango wa duka lako umefunguliwa, na mkaza mjomba akifagia nje. Sikuwa na uso wa kuingia. Mkuu wa shule alisoma, akasema atafikiria.

Kuna jambo moja zaidi, na hili sina pa kulipeleka ila kwako.

Tulipokuwa tunaondoka, mjane wa Mzee Kondo alituma niitwe kwenye pazia. Nilidhani atanishukuru, au atanilaani. Aliuliza taratibu, "Jioni ile, kwenye hiyo kompyuta, sauti yake ilisikika?"

Nikasema ndiyo, mama. Vizuri kabisa.

Akasema, "Wewe ulimsikia. Sisi kwenye simu zetu hizi hatuna hata neno lake moja."

Nilipiga magoti pale nje ya pazia. Kwa ndani aliniuliza mumewe alikuwa amevaa nini siku hiyo, alikohoa, alisimama kupumzika mara ngapi. Nikamjibu kila kitu nilichokumbuka. Gari lilipiga honi, Bi Yudith akamwambia dereva azime injini.

Ameniomba nirudi eda ikiisha, wajukuu wamsikie babu yao alivyosema. Nitakwenda. Kazi sina tena, siku ninazo.

Binti wa dada yako,
Raheli